Vitofali vya Tunda na Unene wa Shaibu

Ijumaa, baada ya alasiri. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua haiji. Joto limekaa tu, halina upepo wa kuliondoa. Niko kwenye baraza ya kituo cha afya, mgongo ukutani, daftari juu ya goti. Nyuma ya ukuta huu amelala mtoto wa kaka yangu.

Nina hofu. Naiandika hivyo hivyo bila kuipamba, maana mbele za watu nimekuwa nikisema sina.

Siku hizi zote nimeogopa kwa zamu. Nimeogopa mtoto asije akafa. Nimemwogopa kaka yangu. Nimemwogopa mwenyekiti. Jana na leo nimeogopa hata kupona kwenyewe, kwa namna kulivyokuwa kunakuja.

Nianze mwanzo, labda nikiandika kifua kitatulia.

Mtoto anaitwa Shaibu. Hajatimiza miaka mitatu. Ni mtoto wa kwanza wa kaka yangu Hemedi na mkewe Hadija, na mimi ni shangazi yake. Tena ni mlezi wake, kwa sababu mimi ndiye ninayetunza watoto wadogo wa kijiji mama zao wanapokuwa kwenye shamba la pamoja. Kijiji kilinipeleka Lindi kwa mafunzo mafupi. Nikarudi na cheti na ufunguo wa banda la watoto, na tangu siku hiyo hata wazee wananiita "mwalimu".

Kijiji chetu ni kipya. Asili yetu ni huko vilimani, lakini operesheni ya vijiji ilipopita tulihamishiwa hapa barabarani, kusini ya Somanga. Tumepata barabara, tumepata shule, sisemi hatukupata. Ila mikorosho yetu, mbaazi zetu na kunde zetu zilibaki kule. Tulilima mahindi kwenye ardhi tusiyoijua, mvua ikakatika, mahindi yakasimama makavu kama fito. Kuku waliliwa wakaisha. Ng'ombe huku hawakai kwa sababu ya ndorobo. Samaki wapo, bahari haiko mbali, lakini sisi ni watu wa jembe, hatuna nyavu, na samaki wazuri hununuliwa na wenye malori ya Dar es Salaam. Tukawa watu wa mihogo na unga wa njano wa serikali.

Hata hivyo pale bandani tulikuwa na sufuria letu la uji. Mtama, na ndani yake karanga zilizotwangwa, kutoka ghala la kijiji.

Halafu vikaja vitofali.

Jina lake halisi silijui. Vililetwa kwenye makatoni na gari la wageni wa mradi. Ni chakula cha asubuhi huko kwao. Kimoja kina urefu wa kidole cha kati na upana wa vidole viwili. Nje ni ngano na nafaka nyingine iliyookwa ikawa laini, ndani kuna tunda jekundu lililopondwa, linanata kama gundi. Kwenye karatasi yake pamechorwa tunda lililokatwa katikati na shuke la ngano. Wakati ule kila nyumba ilikuwa inafyatua matofali, basi watoto wenyewe ndio waliovipa jina.

Mgeni alisema kwa Kiingereza, dereva wake akatufasiria: humu mna nafaka, humu mna tunda, mtoto akila hiki asubuhi amepata kifungua kinywa kamili. Tukapiga makofi. Nilionja kimoja. Kilikuwa na utamu wa kubaki kwenye meno mpaka adhuhuri.

Mwenyekiti wetu, Mzee Lipei, ni mtu wa kufikiria msimu ujao. Akasema ikiwa watoto wamepata chakula kamili, karanga zibaki ghalani ziwe mbegu. Kamati ikakubali. Sufuria likaoshwa, likapinduliwa.

Kule Lindi tulifundishwa vyakula vya namna tatu: vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Nilijiuliza kimoyomoyo kitofali kiko kundi gani. Nikajijibu kwamba tunda ni la kulinda, nafaka ni ya kutia nguvu, na hilo la tatu bila shaka wataalamu wameliweka mahali, mimi ni nani. Na hata ningekuwa na neno, ningelisema kwa mdomo upi? Msimu uliopita mtu mmoja alilalamikia unga wa njano mkutanoni, akaitwa mpinga maendeleo. Jina hilo linamfuata mpaka kisimani.

Shaibu alivipenda kuliko wote. Hadija ana mimba nyingine, kwa hiyo alikuwa amemwachisha ziwa muda si mrefu, na mtoto alikuwa anakataa ugali. Vitofali hakukataa. Asubuhi alikula bandani. Mchana akilia nyumbani alipewa kingine, maana makatoni yalikuwa mengi na kila mama aliruhusiwa kuchukua. Kilichokuja kama kifungua kinywa kikawa cha mchana, na kwa watoto wenye kudeka kikawa cha jioni pia.

Akanenepa.

Mashavu yalijaa mpaka macho yakawa madogo. Majirani wakimpita wanasema mashallah, na bibi mmoja akamshauri Hadija amfunge hirizi, asije akapatwa na kijicho. Hemedi alimbeba begani barabarani ili watu wamwone. Katika mwaka wa njaa, mtoto mnene ni sifa ya nyumba.

Lakini mimi nilikuwa naye mchana kutwa, nikayaona mengine. Aliacha kucheza. Wenzake wakikimbizana, yeye anakaa pale pale nilipomweka mpaka nimwondoe. Kilio chake kikawa mnung'uniko mdogo usio na hasira ndani yake. Nywele zake nyeusi tititi ziligeuka rangi ya kutu, nikimpapasa kichwa zinabaki mkononi. Nikamwimbia, nikamtekenya, nikamfanyia uso wa paka. Hakucheka.

Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumwona Shaibu akicheka, nikashindwa.

Jumamosi moja nilikuwa namwosha miguu, alikuwa amekanyaga tope. Ngozi iling'aa kama imepakwa mafuta. Nikamshika sawasawa nimsugue kisigino, kidole gumba changu kikiwa juu ya mguu. Nilipokiondoa, shimo lilibaki.

Nikalitazama. Halikurudi.

Nikabonyeza mguu wangu mwenyewe, ngozi ikarudi palepale. Nikabonyeza wake tena, pembeni kidogo. Yakawa mashimo mawili, kama mtu aliyebonyeza unga uliokandwa. 

Jioni nilimfuata Hadija kisimani, nikangoja wenzake waondoke, nikamwambia. Hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Najua, wifi," alisema. "Nimeliona kabla yako."

"Mbona hukusema?"

Akaweka mkono tumboni. "Nikisema, kaka yako atauliza mtoto anaharibikiwa na nini. Na watu watamjibu wao. Watasema nimembemenda."

Kwetu mtoto akidhoofu huku mama yake ana mimba, neno ni hilo moja. Amebemendwa: ama wazazi wamekutana kabla ya wakati wake, ama mama ametoka nje ya ndoa, na uchafu huo umemwingia mtoto. Kati ya hayo mawili watu huchagua lililo baya zaidi. Nimewaona wanawake waliorudishwa kwao kwa neno hilo, na bunda la nguo kichwani.

"Usimwambie, wifi. Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Na mtoto akifa?"

 Alijitwika ndoo yake akaondoka, maji yakimmwagikia begani, wala hakuyafuta.

Jumatatu niliwaosha watoto wote miguu. Walidhani ni mchezo, wakapanga foleni wakicheka. Kila mguu nilioushika niliubonyeza. Ngozi ilirudi, ikarudi, ikarudi. Nikaanza kupumua. Kisha nikafika kwa Saidi, mjukuu wa Bi Mwajuma, na shimo likabaki.

Nilikaa pale na beseni langu nikifikiri. Mama yake Saidi alifariki zamani. Baba hajulikani alipo. Mtoto analelewa na bibi kizee anayetembea kwa fimbo. Kama ni kubemenda, huyu amebemendwa na nani?

Basi si hilo. Ni kitu ambacho watoto hawa wawili wanakishiriki. Niliinua macho nikaona makatoni yamepangwa ukutani mpaka darini.

Jioni ile nilikwenda kwa Hemedi. Alikuwa anakanda udongo wa kukandika nyumba, miguu ndani ya tope. Hadija alikuwa jikoni. Aliponiona nimembeba Shaibu alisimama na mwiko mkononi, akanitazama kwa macho ya kunisihi. 

"Shikamoo, kaka. Shaibu anaumwa."

"Marahaba. Anaumwa nini? Mtoto mnene hivyo!"

Nikaubonyeza mguu mbele yake. Akainama, akatazama shimo, akaligusa kwa ncha ya kidole chenye tope. Uso ukambadilika. Halafu, kama nilivyojua, akageuka taratibu kumtazama mkewe. Si usoni. Tumboni.

"Hadija," akasema. "Hii ni nini?"

"Muulize kesho," nikasema mimi. Sijui sauti ile ilitoka wapi. "Leo nenda kwa Bi Mwajuma uone mguu wa mjukuu wake. Ukishauona, rudi umuulize mkeo chochote unachotaka."

Sijawahi kumwamuru kaka yangu. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea. Alinyanyua mkono, nikafumba macho. Alikuwa anafuta jasho tu.

Akaenda. Aliporudi alikaa kwenye kigogo muda mrefu, tope likimkaukia miguuni. Hakumuuliza Hadija lolote. Aliniuliza mimi, kwa sauti ya chini, "Sasa ni nini?"

"Nadhani ni njaa, kaka."

"Njaa? Anakula kutwa kucha!"

 

Asubuhi nilipita kwa mwenyekiti kuomba ruhusa ya kumpeleka mtoto, nikamweleza na habari ya miguu. Alinisikiliza akivaa viatu. Mzee Lipei si mtu mbaya, niliandike hilo. Ametuhangaikia sana. Ila alipoinuka alikuwa ameshakunja uso.

"Mwanangu Somoe, unataka niwaambie wageni kwamba zawadi yao ni sumu?"

"Sijasema sumu, mzee."

"Basi usiseme kitu. Neno la namna hiyo likitoka hapa, hata unga hatutaletewa tena. Nenda na mtoto wenu, mkatibiwe, mrudi."

Tulipata lori lililokuwa linarudi Kilwa kupakia chumvi. Mimi na Hadija mbele kwa dereva, Shaibu mapajani, Bi Mwajuma na Saidi wake pembeni yetu. Mfukoni nilikuwa na vitofali viwili. Nilivishika njia nzima kama mtu aliyebeba ushahidi wa kosa asilolijua.

Mganga wa kituo hiki anaitwa Bwana Linus, Mmakonde wa Newala, mrefu, mchovu, hana maneno mengi. Aliwatazama watoto kabla hajatutazama sisi. Akavuta nywele za Shaibu kidogo, zikamfuata. Akabonyeza miguu yote minne. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Wanakula nini?"

Nikatoa vitofali. Akasoma maandishi ya karatasi, midomo ikicheza. Akakivunja kimoja, akakitafuna polepole, akabaki na kile kipande kingine mkononi.

"Ngano," alisema. "Sukari. Tunda lililopikwa na sukari. Halafu sukari nyingine. Mafuta kidogo. Hapa wameandika vitamini, sawa, zipo. Cha kujenga mwili kimo, lakini kama chumvi kwenye mchuzi, si kama nyama." Akanitazama. "Wewe ndiye mlezi? Umesomea? Basi nitajie vya kujenga mwili."

"Maharage, kunde, mbaazi. Karanga. Samaki, mayai, maziwa, nyama."

"Mtoto huyu kapata kipi tangu aache ziwa?"

Nikaliona sufuria la uji, lilivyopinduliwa bandani.

"Hiki si sumu," alisema, akikiweka kitofali mezani. "Wewe ukila asubuhi, mchana ukala ugali na kunde na samaki, hakina neno, utakifurahia. Lakini mtoto aliyetoka kwenye ziwa la mama, ukimpa hiki tu, unampa kuni bila udongo. Moto utawaka, nyumba haitajengwa. Huu si unene, mama," akamgeukia Hadija. "Haya ni maji. Ni utapiamlo, kwashakoo. Mtoto ana njaa, na njaa yake imevimba."

Hadija aliuliza kwa sauti ya kunong'ona, "Si mimi?"

"Si wewe nini?"

Alishindwa kulitamka. Bwana Linus ametibu watu wa pwani hii miaka mingi, nadhani alilijua neno lenyewe. Akasema, "Si wewe." Hadija akakaa chini sakafuni palepale, akafunika uso kwa kanga.

Nami nilidhani hofu imeishia hapo.

Waliwaanza kwa maziwa ya unga yaliyochanganywa na mafuta na sukari kidogo, kijiko kwa kijiko, mara nyingi, mchana na usiku. Bwana Linus alituonya tusiwashindilie. Mwili ulioachwa na njaa muda mrefu, alisema, ukishindiliwa unazimika. Tukawa tunahesabu vijiko kama watu wanaopita kwenye daraja la mti mmoja.

Saidi hakuvuka. Alikuwa na homa tangu alipofika, akaanza kuharisha, na asubuhi moja, Bi Mwajuma akiwa amemshika, alinyamaza. Hakulia wala hakuhangaika. Bibi yake aliendelea kumpepea kwa ncha ya kanga muda mrefu, na sisi sote tulijua, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aache.

Tulimzika hapa hapa. Nilipomwaga mkono wangu wa mchanga niliwaza jinsi alivyocheka kwenye foleni ya kuoshwa miguu. Yeye alikuwa bado anacheka.

Wiki iliyofuata Shaibu akaanza kukonda.

Hili ndilo sikulitegemea. Bwana Linus alikuwa amelitaja, lakini kusikia si kuona. Alikojoa na kukojoa, na mtoto mnene wa kaka yangu akayeyuka mbele ya macho yetu. Mashavu yalikwenda kwanza. Kisha mikono. Jana asubuhi mbavu zilikuwa zinahesabika, ngozi ya mapaja inaning'inia kama nguo ya mtu mwingine, na macho yamekuwa makubwa, ya kizee. Hadija alipiga kelele alipomwogesha. "Mmemmaliza! Mmemmaliza mwanangu!" Nami, ambaye nilipaswa kumtuliza, nilitoka nje nikamwacha.

Ndani ya moyo nilikuwa nasema, labda mwenyekiti alikuwa sahihi. Labda alikuwa mzima, nami ndiye niliyemleta kufa.

Leo kabla ya swala ya Ijumaa Hemedi alifika. Habari ya Saidi ilikuwa imefika kijijini kabla hajafunga safari. Aliingia bila hodi, akaenda moja kwa moja kitandani, akasimama. Sitausahau uso ule.

"Huyu ni nani?" alisema.



"Nimewapa mtoto mnene. Mmenipa mifupa." Akaanza kuvua shati lake amfunike. "Hadija, funga vitu. Tunaondoka."

Hadija alinitazama. Bwana Linus alikuwa kwa wagonjwa wa nje. Nilijua nikitoka kumwita, nikirudi kitanda kitakuwa kitupu. Nikasimama mlangoni. Nikashika fremu kwa mikono miwili.

"Kaka, ule haukuwa mwili wake. Yalikuwa maji. Huyu ndiye Shaibu. Alikuwa hivi hivi ndani siku zote, sisi ndio tulikuwa hatumwoni."

"Toka njiani, Somoe."

"Sitoki. Ukimrudisha leo atakufa barabarani, nawe utaishi na jambo hilo. Hata mimi sijui kama atapona. Naogopa kuliko wewe. Lakini kwa mguu wangu sitoki."

Alinifikia. Alikuwa amemshika mtoto kifuani, ndani ya shati. Na Hadija, ambaye alikuwa amekaa na kikombe cha maziwa mkononi, akainuka akasema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, "Mume wangu, kabla hamjaenda, wakati wake wa kijiko umefika. Ngoja anywe."

Hemedi akasita. Hadija akamnywesha Shaibu pale pale, mikononi mwa baba yake. Kijiko cha kwanza, cha pili. Kisha, kwa kukumbuka onyo la kutomshindilia, akakiondoa kikombe kabla ya mtoto kutosheka.

Shaibu akakasirika.

Alikunja uso wote, akatanua mdomo, akapiga ukelele uliojaza wodi nzima. Akamshika baba yake ndevu akazivuta, mkono mwingine akiunyosha kwenye kikombe. Kilikuwa kilio kizima, chenye hasira, cha mtoto aliyenyang'anywa chake. Tangu siku za vitofali hatukuwa tumekisikia. Mama mmoja wa kitanda cha pili akasema, "Alhamdulillahi, huyo sasa anataka kuishi."

Bwana Linus alikuja mbio akidhani kumetokea msiba. Akasimama mlangoni nyuma yangu, akasikiliza, na nikamwona akitabasamu kwa mara ya kwanza.

Hemedi alikaa kitandani. Alimwacha mtoto azivute ndevu. Hakusema samahani kwa yeyote. Alichukua kijiko kwa Hadija, akaendelea kunywesha yeye mwenyewe, akiuliza kila mara, "Hivi? Kiasi hiki?"

Baadaye, tulipokaa hapa barazani, ndipo aliponipa habari za kijijini. Bi Mwajuma aliporudi bila mjukuu wake, hakulia mbele ya watu. Alipita nyumba kwa nyumba na fimbo yake akiwaambia akina mama, "Wabonyezeni miguu." Tu. Na kijiji kizima kikaingia hofu. Milangoni, visimani, kwenye shamba la pamoja, kila mama ameinama ameshika mguu wa mwanawe. Wamepatikana wengine, wachache, bado mapema. Mwenyekiti alinyamaza siku nzima. Watu wanasema alionekana nyuma ya nyumba yake, peke yake, amempakata mjukuu wake na soksi ya mtoto mkononi. Hakuna ajuaye alichokiona. Kesho yake alifungua ghala la karanga kwa mkono wake.

Na amenitumia ujumbe kupitia Hemedi. Wageni wa vitofali wanarudi wiki ijayo na makatoni mengine. Kutakuwa na mkutano. Mwenyekiti anataka mwalimu wa watoto asimame mbele yao, na mbele ya kijiji, aeleze.

Nilimuuliza Hemedi, "Nieleze nini?"

"Ulichonieleza mimi pale mlangoni."

Ni rahisi kwake kusema. Mlangoni nilikuwa na fremu ya kushikilia.

Sasa adhuhuri imepita, alasiri imepita, mawingu ni yale yale. Shaibu amelala. Bwana Linus anasema bado siku nyingi, na kwamba watoto wengine hurudi nyuma wanapoonekana wamevuka, nisifurahi mapema. Sifurahi. Nimeingia mara tatu tangu nianze kuandika, nisikilize kama anapumua.

Nafanya mazoezi ya maneno kichwani. Tunashukuru kwa zawadi. Ni tamu, na si mbaya, lakini peke yake haimlei mtoto. Mtupe nafasi tuwape watoto karanga na kunde kwanza, hizi ziwe za kuongezea. Nikiyasema hivi kimya kimya yanapangika vizuri. Kisha namwona yule mgeni ameinamisha kichwa kusikiliza, naona kamati kwenye benchi, naona yule anayeitwa mpinga maendeleo amekaa nyuma peke yake, na maneno yanatawanyika yote.

Itabidi niseme hivyo hivyo, nikitetemeka. Watu watanisikia nikitetemeka, na wasikie.